RANGI ZA NDEGE ZA VITA KATIKA PWANI YA BAGAMOYO: SOMO LA NURU, KEMIA NA HISTORIA

Mafundi wa vyombo vya baharini katika pwani yetu wanajua tangu zamani kwamba kinachopakwa juu ya ubao si pambo tu. Jahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ili mbao zisikauke na kupasuka kwa jua. Upande wake wa chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Macho au nakshi zinazochorwa kwenye omo zina kazi nyingine: humjulisha anayetazama kwa mbali chombo ni cha nani. Basi katika chombo kimoja rangi ina kazi ya kukinga na kazi ya kujulisha.

Ndege za vita zilizoruka juu ya pwani hii katika karne ya ishirini zilipakwa rangi kwa sababu hizo hizo, na baadaye ikaongezeka sababu ya tatu, nayo ni kuficha. Siku hizi wanafunzi wengi huziona ndege hizo katika kompyuta, katika programu zinazoigiza urushaji wa ndege. Mchezaji huchagua ndege, huchagua mahali, kisha huruka juu ya ramani ya nchi akitazama mabawa yake. Programu nyingi humruhusu pia kuichorea ndege ngozi mpya, yaani kuipaka rangi anayoitaka.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Mwanafunzi wa Bagamoyo akitaka kuichora ndege iliyoruka juu ya mji wake mwaka 1916, atajuaje rangi zake? Picha zilizobaki ni nyeusi na nyeupe. Vitambaa vyenyewe vilioza zamani. Hata hivyo swali hili lina njia ya kujibiwa, na njia hiyo inapita katika masomo matatu yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari: fizikia, kemia na historia.

NDEGE ZILIZOFIKA KATIKA PWANI YETU

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na ndege moja tu katika koloni lao la Afrika Mashariki. Ililetwa Dar es Salaam mwaka huo na rubani Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho, si kwa ajili ya vita. Upande wa Uingereza, ndege za kwanza zililetwa kwa sababu ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya mto Rufiji. Mwezi Novemba 1914 rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Cutler, aliitafuta kwa ndege ya Curtiss yenye kiwiliwili kama mtumbwi. Mwanzoni mwa mwaka 1915 zikaletwa ndege za majini za Sopwith, lakini joto na unyevu wa pwani viliziharibu upesi. Baadaye zikaja za Short, kisha ndege za nchi kavu za Henri Farman na Caudron zilizotumia uwanja wa kisiwa cha Mafia. Königsberg iliangamizwa Julai 11, 1915, kwa mizinga ya manowari Severn na Mersey, huku ndege zikiwaonyesha wapiga mizinga mahali makombora yalipoangukia.

Mwaka uliofuata vita vilipanda kaskazini mwa Dar es Salaam. Agosti 15, 1916, manowari za Uingereza ziliupiga mizinga mji wa Bagamoyo, na kikosi cha majini kikashuka pwani na kuuteka. Dar es Salaam ilisalimu amri Septemba 4 mwaka huo huo. Katika mwaka huo kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza kilitumia katika pwani hii ndege za Short za aina ya 827. Ndege hizo zilikuwa na mabawa mawili mawili, juu na chini, zilielea juu ya maboya, na urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha ulikuwa yapata meta 16.4. Barani, Kikosi Na. 26 kilichofika Mombasa Januari 31, 1916, kilitumia ndege za BE2c na Henri Farman.

Nyingi ya ndege hizo zilikuwa na umbo la mbao lililovikwa kitambaa cha kitani. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: mchoraji wa ndege ya mwaka 1916 hachori chuma, bali anachora kitambaa.

KAZI YA KWANZA: KUKINGA KITANI NA JUA

Kitani kikivikwa juu ya bawa huwa kimelegea, na hewa hupenya katikati ya nyuzi zake. Kwa hiyo viwanda vilikipaka vanishi iliyotengenezwa kwa asetati ya selulosi au nitrati ya selulosi. Vanishi hiyo ilipokauka ilijikunja, ikakivuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Kitani kilichopakwa vanishi tupu kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganyika na asali kidogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya kawaida ya ndege za Uingereza katika miaka ya kwanza ya vita.

Vanishi hizo zilikuwa na madhara yake. Baadhi zilitengenezwa kwa kutumia tetrakloroethani kama kiyeyushi. Mvuke wake uliharibu maini ya wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza, macho na ngozi zao zikawa za manjano, na baadhi yao walikufa. Kabla ndege haijamwumiza adui, rangi yake ilikwisha kuwaumiza walioitengeneza.

Jua nalo lina uadui na kitani. Selulosi ni molekuli ndefu kama mnyororo, na nguvu ya uzi hutegemea urefu wa minyororo hiyo. Kila fotoni ya nuru ina nishati inayotegemea urefu wa wimbi lake. Tukipima urefu wa wimbi kwa nanometa na nishati kwa elektroni-volti, kanuni ni hii:

Nishati = 1240 ÷ urefu wa wimbi

Nuru nyekundu ya nanometa 600 ina nishati ya 2.07. Nuru ya urujuanimno ya nanometa 300, ambayo macho hayaioni, ina nishati ya 4.13. Kifungo kati ya kaboni na kaboni huhitaji yapata 3.6 ili kikatike. Kwa hiyo fotoni nyekundu haina uwezo wa kukata mnyororo wa selulosi, lakini fotoni ya urujuanimno inao. Kila siku jua hukata viungo kadhaa, na mwisho kitambaa huchanika kwa upepo mdogo. Wenye matanga ya vyombo, na hata wenye mapazia ya madirishani, wanalifahamu jambo hili bila ya hesabu.

Bagamoyo iko yapata nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupita wima juu yake mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Miali inayoshuka wima hupita katika hewa kidogo kuliko miali ya mshazari, na hivyo urujuanimno mwingi zaidi huifikia ardhi. Ndege ambayo kitani chake kingedumu Ulaya, hapa kilichakaa upesi zaidi.

Wataalamu wa kiwanda cha serikali cha ndege huko Farnborough, Uingereza, walipata dawa. Walichanganya katika vanishi unga wa rangi usiopitisha urujuanimno. Mchanganyiko uliojulikana kama PC10 ulianza kutumika mwaka 1916. Ulikuwa na udongo wa manjano wenye oksidi ya chuma, pamoja na masizi kidogo. Herufi zile mbili zilisimamia maneno yenye maana ya mpako wa kukinga, na kweli kazi yake ya kwanza ilikuwa kukinga kitambaa, ingawa ulisaidia pia kuificha ndege iliyosimama ardhini. Kwa nchi za jua kali ukatengenezwa PC12, wenye oksidi nyekundu ya chuma kwa wingi. Fundi seremala anayepiga mstari kwa uzi uliochovywa katika ngeu anaijua rangi hiyo, kwa kuwa ngeu nayo hupata wekundu wake katika oksidi ya chuma.

Lakini tahadhari inatakiwa hapa. Ndege ya Short iliyotengenezwa mwaka 1915 ilitoka kiwandani ikiwa na kitani cha vanishi tupu, kwa sababu PC10 ilikuwa haijaanza kutumika. Anayeichora ndege ya Bagamoyo ya Agosti 1916 kwa kijani kizito au hudhurungi, eti kwa kuwa ndege za vita ni za rangi hizo, anaipaka rangi isiyokuwa yake.

KAZI YA PILI: KUJULISHA

Mwezi Agosti 1914 wapiganaji wa nchi kavu walikuwa na desturi ya kupiga risasi kila kilichoruka, kiwe cha adui au cha kwao. Kwa hiyo Waingereza waliamrisha bendera yao ichorwe chini ya mabawa. Bendera haikutosha. Watu waliendelea kuifananisha na msalaba mweusi wa Wajerumani. Sababu yake inaweza kupatikana kwa hesabu.

Jicho zima la binadamu linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyo mbalimbali kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Pembe hiyo ni sawa na kitu cha meta 1 kikionekana kutoka meta 3,438. Chukua bendera ya Uingereza yenye kimo cha meta 1. Msalaba mwekundu wa katikati una upana wa sehemu moja ya tano ya kimo, yaani sentimita 20. Kila upande umezungukwa na ukanda mweupe wenye upana wa sehemu moja ya kumi na tano, yaani sentimita 6.7. Basi:

Ukanda mweupe huonekana hadi 0.067 × 3,438 = meta 230 hivi.
Msalaba mwekundu huonekana hadi 0.20 × 3,438 = meta 690 hivi.
Msalaba pamoja na kanda zake, wenye upana wa sentimita 33, huonekana hadi meta 1,150 hivi.

Tazama maana yake. Kati ya meta 230 na meta 1,150 mtazamaji haioni tena bendera yote, bali anaona umbo la msalaba. Tena bendera imo upande wa chini wa bawa, ndani ya kivuli, na nyuma yake kuna anga inayong'aa, hivyo rangi nyekundu huonekana nyeusi. Msalaba mweusi ndio alama ya adui. Askari aliyeshika bunduki chini hakuwa mjinga. Macho yake yalimpa habari walizoweza kumpa.

Mwezi Desemba 1914 kikosi cha anga cha jeshi la nchi kavu la Uingereza kiliiga alama ya duara ya Wafaransa, lakini kikageuza mpangilio wa rangi: buluu nje, nyeupe katikati, nyekundu ndani. Vipenyo vya miduara hiyo huwa na uwiano wa 1 kwa 3 kwa 5. Katika duara la meta 1 kila pete ina upana wa sentimita 20, na kitovu kina sentimita 20. Pete hizo nazo hupotea kwa mbali, lakini kinachobaki ni duara, wala hakiwezi kufanana na msalaba. Jeshi la majini lilitumia kwanza pete nyekundu yenye kitovu cheupe, na mwezi Novemba 1915 likajiunga na duara la rangi tatu. Mistari ya rangi hizo hizo tatu ilianza kuchorwa katika usukani wa mkia mwaka 1915.

Kutokana na tarehe hizi mwanafunzi anapata kanuni ya kazi. Ndege ya jeshi la majini iliyoruka juu ya Rufiji mwezi Julai 1915 iko katika wakati wa bendera na pete nyekundu. Ndege ya Bagamoyo ya Agosti 1916 iko katika wakati wa duara la rangi tatu. Alama moja inatosha kutupa picha nzima nje ya mwaka wake.

KAZI YA TATU: KUFICHA

Katika Vita Kuu ya Pili hatari iliyoijia pwani yetu ilitoka chini ya maji. Nyambizi za Wajerumani na za Wajapani zilizamisha meli katika Bahari ya Hindi. Ili kuzitafuta, ndege kubwa za majini za Catalina ziliwekwa Mombasa na Dar es Salaam. Kikosi Na. 259 kiliundwa Kipevu, Mombasa, mwezi Februari 1943, kikahamia Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka huo. Agosti 20, 1943, ndege ya kikosi hicho pamoja na ndege ya Kikosi Na. 265 ziliizamisha nyambizi U-197 kusini ya Madagaska.

Ndege za Uingereza za doria ya baharini za wakati huo zilipakwa kijivu cha aina mbili upande wa juu, na nyeupe ubavuni na chini. Mtu anaweza kushangaa: nyeupe huficha vipi? Mvuvi wa Kunduchi atamjibu kwa kumwonyesha jodari. Mgongo wa samaki huyo ni wa buluu nzito na tumbo lake ni jeupe la fedha. Nuru hutoka juu, kwa hiyo tumbo la kila kitu huwa katika kivuli, na kivuli ndicho kinachokionyesha kitu dhidi ya anga. Tumbo likiwa jeupe, huakisi nuru kidogo inayotoka chini, na tofauti kati yake na anga hupungua. Mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer aliieleza kanuni hiyo mwaka 1896 kwa kuwatazama wanyama. Nyambizi iliyochelewa kuiona ndege kwa sekunde chache haikuwahi kuzama.

Katika kamandi za India na Asia ya Kusini-Mashariki Waingereza waliondoa rangi nyekundu katika duara lao, kwa sababu Wajapani walitumia duara jekundu. Ni kosa lile lile la bendera na msalaba likirudi kwa sura nyingine. Anayechora Catalina ya Bahari ya Hindi sharti atafute picha yenye tarehe na mahali kabla ya kuchora kitovu cha duara lake.

PICHA NYEUSI NA NYEUPE INASEMA NINI?

Wengi hudhani kwamba katika picha ya zamani rangi iliyo nyeusi zaidi ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Si lazima iwe hivyo. Sahani nyingi za picha za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa za othokromati: ziliathiriwa na nuru ya buluu na ya kijani, lakini nyekundu hazikuiona. Sahani zilizoona rangi zote zilikuwapo, ila hazikuwa za kawaida.

Tufanye kielelezo cha darasani. Katika kompyuta kila rangi huandikwa kwa namba tatu, kuanzia 0 hadi 255: nyekundu, kijani na buluu. Tuseme kwamba jicho huupima mwangaza kwa kuchukua 0.30 ya nyekundu, 0.59 ya kijani na 0.11 ya buluu. Tuseme pia kwamba sahani ya othokromati huchukua 0 ya nyekundu, 0.40 ya kijani na 0.60 ya buluu. Namba za rangi zifuatazo ni za mfano tu.

Nyekundu ya duara (180, 30, 40): kwa jicho 76, kwa sahani 36.
Buluu ya duara (30, 50, 120): kwa jicho 52, kwa sahani 92.
Kitani cha vanishi tupu (225, 210, 170): kwa sahani 186.
Hudhurungi ya PC12 (95, 45, 35): kwa sahani 39.

Haya ni matokeo ya ajabu kwa asiyeyazoea. Kwa jicho buluu ni nzito kuliko nyekundu, lakini katika picha nyekundu ndiyo nzito. Tena nyekundu ya duara, yenye 36, na hudhurungi ya PC12, yenye 39, karibu zinalingana. Mtu asiyejua tabia ya sahani anaweza kusema kwamba kitovu cha duara kilikuwa cheusi, au kwamba buluu ya pete ilikuwa imepauka kama anga. Picha haikusema uongo, ila ilisema kwa lugha yake, na msomaji hakuijua lugha hiyo.

KUTOKA PICHA HADI KOMPYUTA

Ngozi ya ndege katika programu ni picha bapa inayozungushwa juu ya umbo, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Picha yenye nukta 2,048 kwa upana, ikifunika bawa la meta 16.4, huifanya kila nukta iwakilishe milimita 8. Kila nukta inaweza kuchagua rangi moja katika 256 × 256 × 256, yaani rangi 16,777,216. Wingi huo ni hatari yake pia, kwa sababu kompyuta haikatai rangi ya uongo. Mwanafunzi na afuate utaratibu huu.

Kwanza, atafute tarehe, mahali na kikosi kabla ya kutafuta rangi. Pili, aandike ni kanuni gani ya alama ilikuwa ikitumika siku hiyo. Tatu, aitazame picha, na ikipingana na kanuni, aifuate picha, maana amri iliandikwa London na fundi alikuwa ufukoni Afrika akitumia rangi aliyokuwa nayo. Nne, akumbuke uchakavu. Kitani cha vanishi hukolea umanjano kikizeeka. Injini za kuzunguka zilitumia mafuta ya mbarika, ambayo yaliruka na kuacha madoa ya hudhurungi. Chumvi ya bahari iliacha ukungu mweupe juu ya maboya.

Tano, akumbuke hewa. Ndege inayoonekana kwa mbali huchanganyika na weupe wa hewa iliyo katikati. Siku ambayo macho huona hadi kilometa 20, nuru inayotoka katika kitu kilicho mbali kilometa 5 hutufikia kwa kiasi cha 0.38 tu, na 0.62 inayobaki ni nuru ya hewa yenyewe. Hewa ikiwa na rangi (200, 215, 230), nyekundu yetu ya (180, 30, 40) itaonekana kama (192, 145, 158), yaani waridi iliyopauka. Kazi hiyo hufanywa na programu yenyewe. Mchoraji aliyekwisha kuipausha rangi yake akifuata picha ya mbali ataipausha mara mbili.

Sita, aandike pembeni mwa kazi yake jambo gani lina ushahidi na jambo gani amelikadiria. Hili ndilo linaloitofautisha kazi ya elimu na mchezo.

JARIBIO LA SHULE

Vifaa: kitambaa cha amerikani, vanishi ya mbao isiyo na rangi, ngeu, masizi ya taa, ndoo ndogo, mchanga na mizani.

Kata vipande 30 vyenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 30, vyote kwa kufuata uzi mmoja. Vipande 10 viache vitupu. Vipande 10 vipake vanishi tupu. Vipande 10 vipake vanishi iliyochanganywa na ngeu na masizi kidogo. Pakeni mahali penye hewa, wala msivute mvuke. Katika kila kundi, vipande 5 vifungwe kwenye ubao na kuwekwa juani kwa majuma 8, na vipande 5 viwekwe ndani ya sanduku lenye giza.

Baada ya hapo kining'inize kila kipande, ukifunge ndoo sentimita 10 juu ya sakafu, na umimine mchanga polepole hadi kikatike. Miguu iwe mbali. Pima uzito wa ndoo na mchanga wake, kisha tafuta wastani wa kila kundi. Gawanya wastani wa vipande vya juani kwa wastani wa vipande vya gizani. Kundi lenye namba iliyo karibu zaidi na 1 ndilo lililokingwa vizuri zaidi. Shule ya Bagamoyo na shule ya Lushoto zikilinganisha majibu yao, zitakuwa zimefanya utafiti wa kweli.

HITIMISHO

Huenda mtu akauliza kama kuna faida yoyote katika kuijua rangi ya kitambaa kilichooza zaidi ya miaka mia iliyopita. Faida ipo. Watu walioiona ndege ikipita juu ya minazi ya Bagamoyo mwaka 1916 hawapo tena. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, wengi wao hawakuacha picha wala barua. Kizazi cha leo kitaijua vita hiyo kwa kiasi kikubwa kupitia vioo vya kompyuta. Anayechora ngozi ya ndege kwa ovyo leo, kesho ataigwa na mwingine, na keshokutwa kazi yake itaitwa ushahidi. Nuru ya jua ilikata minyororo ya kitani. Uzembe wetu usije ukaukata mnyororo wa kumbukumbu.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Tafuta nishati ya fotoni ya nanometa 350 kwa elektroni-volti. Je, peke yake inatosha kukata kifungo kinachohitaji 3.6?

2. Bendera yenye kimo cha meta 1.5 imechorwa chini ya bawa. Kati ya umbali gani na gani ingeonekana kama msalaba mtupu?

3. Rangi ya (75, 70, 40) itapata namba gani katika sahani ya othokromati ya kielelezo chetu? Ilinganishe na nyekundu ya duara.

4. Rafiki yako amechora ndege ya jeshi la majini la Uingereza juu ya Bagamoyo, Agosti 1916, ikiwa na mabawa ya PC12 na pete nyekundu yenye kitovu cheupe. Mwandikie barua fupi ya heshima ukimweleza makosa yake na sababu zake.

5. Waulize wazee au mafundi wa vyombo katika mtaa wako vitu wanavyopaka kwenye mbao, matanga na nyavu. Pambanua ni kipi hukinga, kipi hujulisha, na kipi hufanya kazi zote mbili.